Mkataa Kwao: Michael Madhusudan Dutt na Lugha ya Mama Yake

Katika methali zetu imo isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na imo nyingine isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtu akizitazama methali hizi kwa haraka atadhani kuwa shauri la mzazi na mtoto lilikwisha kukatwa zamani, na kwamba kijana aliyeiacha njia ya nyumba yake ili aufuate wito wa sanaa hana tena la kujitetea. Historia ya fasihi haiendi kwa wepesi huo. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za mtu mmoja wa Bara Hindi aliyekataa kwao kwa kila njia iwezekanayo. Alimkataa mke aliyechaguliwa na wazazi, akaiacha dini aliyozaliwa nayo, akabadili jina na mavazi, akaidharau lugha yake, na mwishowe akaihama nchi. Kisha nitajaribu kuonyesha kwamba kazi iliyomdumishia jina ilichimbwa katika udongo ule ule alioukimbia.

Mtu huyo ni Michael Madhusudan Dutt, mshairi wa Kibengali aliyezaliwa mwaka 1824 na kufariki mwaka 1873. Nililisikia jina lake mara ya kwanza nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, na tangu hapo sikuweza kuliacha, ingawa Kibengali changu ni cha kusoma na kamusi mkononi. Ziko sababu mbili za kuwaletea wasomaji wa Kiswahili habari zake. Ya kwanza ni ya elimu ya ushairi: yeye aliingiza katika tungo za lugha yake jambo ambalo sisi tumelibishania kwa miaka mingi, yaani shairi lisilo na vina. Ya pili ni ya maisha. Kila mwaka hunijia mwanafunzi mmoja au wawili walioletwa chuoni na wazazi wao ili wasome sheria au biashara, nao wamebeba daftari la mashairi waliloficha nyumbani. Wengi wao huamini kwamba hawana ila njia mbili: kutii na kunyamaza, au kuvunja na kuondoka. Maisha ya Madhusudan yafaa kutazamwa na kila mmoja wao, na ya wazazi wake pia.

Nyumba ya Rajnarayan

Madhusudan alizaliwa tarehe 25 Januari 1824 katika kijiji cha Sagardari, wilaya ya Jessore, kando ya mto Kapotaksha. Mahali hapo siku hizi ni katika nchi ya Bangladesh. Baba yake, Rajnarayan Dutt, alikuwa wakili wa mahakama kuu ya madai mjini Calcutta, mtu mwenye mali na heshima katika watu wa tabaka la Wakayastha. Mama yake aliitwa Jahnabi Devi. Ndugu zake walikufa wadogo, naye akabaki mtoto pekee wa nyumba ile.

Neno hili la mtoto pekee lina uzito ambao msomaji asiyezijua desturi za Kihindu huenda asiuone. Katika nyumba ya Kihindu ya zama zile mtoto wa kiume hakuwa mrithi wa mali tu. Yeye ndiye aliyetazamiwa kuwasha moto wa kuichoma maiti ya baba yake, na yeye ndiye wa kutoa sadaka ya vyakula kwa roho za wazee waliotangulia. Baba asiye na mwana alihesabiwa kuwa atakosa hifadhi hata baada ya kufa. Kwa hiyo ndoa ya mwana haikuwa shauri la kijana na binti aliyempenda. Ilikuwa ni kiungo cha mnyororo uliotoka kwa mababu kwenda kwa wajukuu, na wazee walijiona kuwa na haki ya kukichagua kiungo hicho kama walivyokuwa na haki ya kuchagua shamba la kulima.

Elimu ya kwanza Madhusudan aliipata kwa mama yake. Jahnabi alijua kusoma, jambo lililokuwa la nadra kwa wanawake wa wakati wake, naye alimzoeza mwanawe Ramayana ya Krittibas na Mahabharata ya Kashiram Das, yaani zile hadithi mbili kuu za Kihindu kama zilivyotungwa kwa Kibengali cha watu. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Elimu ya pili ilinunuliwa kwa fedha ya baba. Rajnarayan aliihamishia familia yake Calcutta, akamtia mwanawe katika Chuo cha Wahindu, kilichoanzishwa mwaka 1817 ili watoto wa wenye nafasi wapate elimu ya Kizungu. Hapo alifundishwa na David Lester Richardson, mwalimu aliyependa sana mashairi ya Kiingereza na kuwapendekezea wanafunzi wake. Madhusudan alishikwa na mapenzi hayo kama mtu ashikwavyo na homa. Akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi alitunga mashairi ya Kiingereza ya kuitamani pwani ya Uingereza, nchi ambayo hakupata kuiona, akawa akipeleka tungo zake kwa majarida ya huko. Aliamini kwamba akifika tu nchi ile atakuwa mshairi mkuu. Baba alitaka elimu hiyo imzalie wakili. Shabaha yake ilikuwa moja, na mshale ukaangukia pengine.

Ubatizo wa 1843

Mwishoni mwa mwaka 1842 Madhusudan aliarifiwa kwamba wazazi wake wamekwisha kumtafutia mchumba, binti mdogo wa mtu mwenye mashamba makubwa. Barua alizomwandikia rafiki yake Gaurdas Basak siku zile zaonyesha hofu ya kijana aliyeona mlango ukifungwa. Hakukataa kwa maneno mbele ya baba yake. Alitoweka. Wazazi walipopata habari zake alikuwa amekwisha kujitia mikononi mwa wamisionari, nao walimweka ndani ya ngome ya Fort William, wakichelea kwamba baba yake angetuma watu wa marungu wamnyakue. Tarehe 9 Februari 1843 alibatizwa katika Kanisa la Old Mission.

Waandishi wengi wamejadili kama alibatizwa kwa imani, au kwa kuikimbia ndoa, au kwa tumaini la kupelekwa Uingereza. Moyo wa mtu hauna dirisha, na huenda mambo hayo yote matatu yalikuwamo. Matokeo yake ndiyo yaliyo dhahiri. Chuo cha Wahindu hakikupokea Wakristo, kwa hiyo alilazimika kukiacha. Nyumbani hakuweza kuishi tena kama mwana wa tabaka lake, wala kula chombo kimoja na jamaa zake. Safari ya Uingereza haikutokea.

Hapa hadithi ingekuwa nyepesi kama Rajnarayan angekuwa baba mkali wa kwenye michezo ya kuigiza, amlaaniye mwanawe na kumfungia mlango. Hakufanya hivyo. Madhusudan alipoingia katika Chuo cha Bishop's mwaka 1844, baba yule yule aliyefedheheshwa mbele ya mji mzima ndiye aliyelipa ada, kwa miaka kadhaa. Hapo kijana alijifunza Kiyunani, Kilatini na Kisanskriti. Yaani silaha zote alizokuja kuzitumia baadaye katika sanaa yake zilinunuliwa na mtu ambaye sanaa hiyo ilimvunjia nyumba. Wakati huo huo Rajnarayan alioa wake wengine, akitafuta mrithi wa kushika nafasi ya yule aliyepotea, asimpate. Jahnabi akayaona hayo yote. Nani aliumia zaidi katika nyumba ile si jambo la kupimwa, lakini anayeandika historia ya msanii hana ruhusa ya kulisahau. Mwaka 1847 fedha ya baba ilikoma, na mwishoni mwa mwaka huo mwana akapanda meli kwenda Madras, asikokuwa na ndugu wala rafiki.

Madras na kitabu cha Kiingereza

Madras alikaa karibu miaka minane. Alifundisha katika shule ya mayatima, akaandika katika magazeti, na mwaka 1848 akamwoa Rebecca, binti aliyelelewa katika makao ya mayatima ya shirika lile lile. Mwaka 1849 alitoa kitabu chake cha mashairi ya Kiingereza, The Captive Ladie. Hilo ndilo tunda alilolitamani tangu utoto, tunda lililomgharimu baba, mama, tabaka na mji.

Kitabu hakikupata sifa alizozitumainia. Nakala moja ilimfikia Drinkwater Bethune, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa mambo ya elimu Calcutta, naye jibu lake lilikuwa la adabu lakini zito: kijana mwenye kipawa hiki angefanya vizuri zaidi kukitumia katika lugha yake mwenyewe. Gaurdas alimpelekea rafiki yake shauri hilo. Yaweza kudhaniwa kuwa Mwingereza alimfungia Mhindi mlango wa lugha yake, na labda kweli hilo limo. Lakini Madhusudan mwenyewe alikuwa amekwisha kuona upungufu kabla ya shauri hilo. Mapema mwaka huo huo alikwisha kumwandikia Gaurdas kwamba Kibengali chake kinampotea, akimwomba ampelekee vitabu viwili. Vitabu alivyoviomba vilikuwa Mahabharata ya Kashiram Das na Ramayana ya Krittibas.

Hivyo ndivyo vitabu alivyosomewa na mama yake. Naona kwamba mahali hapa, katika barua ya mtu aliye mbali na kwao, ndipo mshairi alipozaliwa. Baada yake twamwona akijipangia saa za kujifunza kila siku, Kiebrania, Kiyunani, Kitelugu, Kisanskriti, Kilatini na Kiingereza, akisema kuwa anajitayarisha kuipamba lugha ya baba zake. Jahnabi alifariki yeye angali Madras. Rajnarayan akamfuata mwaka 1855, na habari za msiba zilimfikia mwana kwa barua ya Gaurdas, pamoja na habari kwamba jamaa wanagombania mali.

Shairi lisilo na vina

Mwaka 1856 Madhusudan alirudi Calcutta, akapata kazi katika mahakama ya polisi, kwanza karani, kisha mkalimani. Rebecca na watoto wao aliwaacha Madras. Henrietta, mwanamke aliyekuja kuwa mwenzi wake hadi kufa, alimfuata mwaka 1858.

Kilichomrudisha katika Kibengali mbele ya watu kilikuwa ni kazi ya tafsiri. Mwaka 1858 mabwana wa Paikpara, waliokuwa na jukwaa lao la michezo huko Belgachia, walimtaka aufasiri kwa Kiingereza mchezo wa Ratnavali kwa ajili ya wageni wa Kizungu. Alipouona mchezo wenyewe alisikitika kwamba gharama nyingi zatumiwa kwa kazi dhaifu, akasema ataandika mwenyewe ulio bora. Rafiki zake walicheka, kwa maana Kibengali chake kilikuwa na kutu. Mwaka uliofuata mchezo wake Sharmistha ulikuwa umekwisha kupigwa chapa na kuchezwa.

Kisha yakaja mashindano yaliyobadili ushairi wa lugha ile. Jatindramohan Tagore alishuku kama Kibengali chaweza kubeba shairi lisilo na vina. Madhusudan akashika kwamba lugha iliyo binti wa Kisanskriti haiwezi kushindwa na jambo hilo. Ushahidi wake ulikuwa utungo uitwao Tilottama-sambhava, uliotolewa kuwa kitabu mwaka 1860, na gharama za chapa zikalipwa na yule yule aliyeshuku.

Wataalamu wa ushairi wa Kiswahili wataona mara moja alilolifanya. Bahari kuu ya hadithi za Kibengali ni payar. Mstari wake una mizani 14, zikigawanyika 8 na 6, na mistari huenda miwili miwili kwa kina kimoja cha mwisho. Maana hukoma mstari unapokoma. Msomaji aliyezoea shairi letu la mizani 16, zikigawanyika 8 na 8 kwa kina cha kati na cha mwisho, hataona ugeni mkubwa. Madhusudan hakuzigusa mizani 14. Aliliacha sikio la Mbengali na hesabu lililoizoea tangu utoto. Aliondoa kina, na akalifungua kituo, hata sentensi ikaweza kuanza katikati ya mstari, ikapita mstari wa pili na wa tatu, na kutua popote maana ilipotaka kutua. Tungo hizo huitwa amitrakshar, neno liwezalo kufasiriwa kuwa herufi zisizo rafiki, kwa kuwa miisho ya mistari haishikani mikono.

Alikwenda mbali zaidi katika lugha yenyewe. Alichota maneno mazito ya Kisanskriti, akanyambua vitenzi kutoka majina kwa namna ambayo wanasarufi hawakuizoea. Wapo waliokasirika. Wapo waliocheka, na mmoja akatunga utungo wa dhihaka kwa mtindo ule ule juu ya kuuawa kwa kirukanjia. Dhihaka ya namna hiyo ni heshima ya aina yake, maana hakuna aigizaye sauti isiyojulikana.

Nasi tuna shauri letu. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilishikwa kuwa nguzo mbili za nyumba moja. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wengi waliona kwamba nyumba imebomolewa. Mfano wa Bengal hauamui kesi yetu, lakini unatufunza kutenganisha maswali. Madhusudan aliondoa nguzo moja huku akiiegemea nyingine kwa nguvu zote. Aidha, aliifanya kazi hiyo baada ya kurudi kuzisoma tungo za kale mstari kwa mstari. Mwenye kuijua nyumba chumba kwa chumba ndiye awezaye kutambua ukuta upi waweza kuondolewa bila paa kuanguka.

Kilio cha Ravana

Mwaka 1861 ulitoka utenzi wake mkuu, Meghnadbadh Kavya, yaani utenzi wa kuuawa kwa Meghnad, wenye sura 9. Kisa chake kimetoka katika Ramayana. Ravana, mfalme wa Lanka, amemteka nyara Sita, mke wa Rama. Rama amevuka bahari na jeshi lake kumkomboa. Meghnad ni mwana wa Ravana, shujaa aliyepata kumshinda Indra, mfalme wa miungu. Katika utenzi huu anauawa na Lakshmana, nduguye Rama, akiwa katika ibada bila silaha, baada ya Bibhishan, baba yake mdogo, kuwaonyesha adui njia.

Wahindu wa karne zote wamemtazama Rama kuwa kielelezo cha mwana mtiifu. Ndiye aliyekubali kwenda msituni miaka 14 ili neno la baba yake lisivunjike. Mtu aliyemkimbia baba yake mwaka 1843 alikuwa na kila sababu ya kumchukia shujaa huyo, na kweli katika barua zake Madhusudan alisema bila kificho kwamba anamdharau Rama na kundi lake, na kwamba ni Ravana aiwashaye fikra yake. Wasomaji wengi wameishia hapo, wakasema: tazama, mwasi amemtukuza mwasi.

Mimi naona kuna jambo la ndani zaidi. Meghnad si mwasi. Mwanzoni mwa utenzi yumo bustanini na mkewe Promila. Asikiapo kwamba ndugu yake amekufa vitani, anajilaumu kwa kustarehe, anakwenda kwa baba yake na kuomba apewe jeshi. Anakufa kwa ajili ya nyumba yake, na maneno yake makali kuliko yote anamwambia baba mdogo aliyewaacha jamaa zake akajiunga na wageni. Katika sura ya mwisho Promila anapanda juu ya kuni za maiti ya mumewe, naye Ravana anasimama pwani akilia kwamba alitumaini kufumba macho yake mbele ya mwanawe, amkabidhi ufalme na kuondoka duniani, lakini Mungu amegeuza mambo, na sasa baba ndiye amzikaye mwana.

Sidai kwamba Madhusudan alikusudia kuandika habari zake mwenyewe. Nasema tu kwamba Rajnarayan alikuwa amefariki miaka sita kabla ya hapo, akiwa amempoteza mrithi wake wa pekee angali hai, na kwamba mshairi aliyemsababishia msiba huo ndiye aliyempatia baba aliyefiwa kilio kikuu katika fasihi ya Kibengali. Aliyewaacha jamaa zake akajiunga na wageni alilijua vema shitaka alilolitia kinywani mwa Meghnad. Alilitunga kwa nguvu, wala hakumpa Bibhishan jibu la kumwokoa.

Aliyebaki jikoni

Haifai kumtazama Madhusudan peke yake, kwa maana kukimbia nyumba ni uhuru ambao si kila mtu alikuwa nao. Katika Bengal ile ile ya mashariki, katika miaka ile ile, aliishi mwanamke aitwaye Rassundari Devi, aliyezaliwa yapata mwaka 1810. Aliolewa akiwa na miaka 12, akapelekwa katika nyumba kubwa asiyomjua mtu, akazaa watoto wengi na kuzika wengi. Wakati ule ilisemwa kwamba mwanamke ajifunzaye kusoma atakuwa mjane. Yeye alitamani kusoma kitabu cha sifa za mtakatifu Chaitanya. Siku moja aliondoa ukurasa mmoja wa kitabu cha mumewe, akauficha jikoni, akaiba pia jani la mtende ambalo mwanawe alilitumia kwa kujifunza kuandika. Na katikati ya kupika na kulisha, akilinganisha herufi na herufi, alijifundisha kusoma. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alitoa kitabu cha maisha yake, Amar Jiban, kinachohesabiwa kuwa tawasifu kamili ya kwanza katika lugha ya Kibengali.

Rassundari hakuondoka, wala hakutii. Alipata njia ya tatu, nyembamba kama ukurasa mmoja. Alichokiandika ni Kibengali chepesi cha nyumbani, kilicho mbali na ngurumo za Meghnad. Naye mama wa Madhusudan, aliyeweza kusoma, hakutuachia ukurasa wowote; sauti yake imetufikia kupitia kwa mwanawe tu. Kwa kila kijana wa kiume aliyeweza kukimbilia ngomeni, walikuwako wanawake wasiohesabika ambao ngome yao ilikuwa jiko.

Gharama na kaburi

Mwezi wa Juni 1862 Madhusudan alifika mwisho wa ndoto yake ya utotoni: alipanda meli kwenda Uingereza. Alikwenda kusomea uwakili, kazi ya baba yake, iliyokuwa ndiyo matakwa ya nyumba tangu mwanzo. Pesa za mashamba aliyoyarithi hazikumfikia kama alivyoagana na waliozishika, naye akahamia Versailles pamoja na Henrietta na watoto, wakaishi katika dhiki hata ya chakula. Aliyemwokoa ni Ishwar Chandra Vidyasagar, bingwa wa Kisanskriti, Brahmini aliyepigania ndoa za wajane, ambaye alimpelekea fedha kutoka Calcutta. Katika dhiki hiyo ya Ufaransa Madhusudan alitunga soneti za Kibengali, zilizotolewa mwaka 1866. Mojawapo inauimba mto Kapotaksha. Aliyekuwa akiililia pwani ya Uingereza kwa Kiingereza alipokuwa Calcutta, sasa akiwa Ulaya aliulilia mto wa kijiji chake kwa Kibengali.

Alirudi mwaka 1867 akiwa wakili, lakini uwakili haukumfaa, wala fedha haikukaa mkononi mwake. Madeni na ulevi vilimmaliza. Henrietta alifariki tarehe 26 Juni 1873, naye akamfuata hospitalini tarehe 29, siku tatu baadaye. Watoto wakabaki yatima. Rebecca na watoto wake walikwisha kuachwa siku nyingi. Tukimsifu msanii tuyataje na haya, kwa maana bei ya sanaa yake haikulipwa na yeye peke yake.

Basi methali zetu zahukumuje? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, naye alivunjika. Hata hivyo, kama angelisikia la mkuu, angekuwa wakili mmoja zaidi katika mji uliojaa mawakili, na Kibengali kingekosa utenzi wake. Na mkataa kwao ni mtumwa: alikuwa mtumwa kweli alipokuwa akiiga sauti ya wengine, akawa bwana alipochukua elimu yote aliyoipata ugenini akaja nayo katika hadithi alizosomewa na mama. Mzazi na akumbuke kwamba ada ya chuo hainunui moyo wa mwana. Kijana naye akumbuke kwamba mlango anaoufunga kwa kishindo huenda ndio atakaoupitia baadaye akitafuta maneno yake.

Amezikwa katika makaburi ya Wakristo ya Lower Circular Road mjini Calcutta. Juu ya kaburi lake yameandikwa maneno aliyojitungia mwenyewe, ya kumsimamisha mpita njia. Hayakuandikwa kwa Kiingereza, wala hayamo ndani yake majina ya vitabu vyake. Yanamweleza msafiri kwamba alalaye hapo ni Madhusudan wa ukoo wa Dutt, kwamba kwao ni Sagardari kando ya Kapotaksha, kwamba baba yake aliitwa Rajnarayan, na mama yake Jahnabi.